Joto Halikai Chupani

Jumanne, 3 Juni

Audrey ameniletea daftari hili kutoka saluni anakofanya kazi, Laini Saba. Anasema nimegombana na nusu ya mtaa wetu wa Lindi, hapa Kibera, na nusu iliyobaki inapita mbali, kwa hiyo hasira zangu niwe naziandika. "Mama, daftari haitakujibu," ameniambia. Mtoto huyu ana ulimi, na sijui ameurithi kwa nani.

Haya, naandika. Baridi imeingia. Bwawa liko salama.

Jumatano, 4 Juni

Audrey amesoma niliyoandika jana akacheka. Anasema daftari likipotea, atakayeliokota hatajua ni bwawa gani.

Bwawa ni la Osewe, mume wangu, aliyefariki Agosti mwaka jana. Alilichimba kwa mikono yake chini ya reli, kando ya mkondo unaotoka kwenye chemchemi, mahali watu walipokuwa wakimwaga takataka. Mtaa mzima ulimcheka. Samaki Kibera? Si wataongea Sheng! Yeye alikuwa mtu wa ziwa, hakujali. Alileta vifaranga vya ngege, yaani tilapia, akavilea, na baadaye waliomcheka ndio waliokuwa wakija asubuhi na sufuria kuulizia.

Hospitalini aliniomba jambo moja tu. Mwaka ukitimia, watu wake waje wale ngege wa bwawa lake. "Usiwape wale wa barafu, Nereah. Wale hata hawajui wametoka wapi." Kumbukumbu ni tarehe ishirini na tatu Agosti. Jamaa wote wameshaambiwa.

Tatizo ni kwamba ngege hawapendi baridi ya Nairobi. Kuanzia Juni wanalala chini, chakula wanakinusa tu, na kunenepa hakuna.

Jumamosi, 7 Juni

Kiwanda cha beseni kilichohama kutoka Kawangware kimewasha mashine huko juu. Wanayeyusha plastiki, halafu wanapoza mashine kwa maji ya kisima chao, na maji hayo yanatoka kwa bomba nene hadi kwenye mkondo wetu.

Jentrix ndiye aliyeniletea habari, tena mbio. Jentrix ni Mama Mourine, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Magharibi, kazi yake ni kufulia watu nguo. Baridi ikija, vidole vyake huvimba hadi hawezi kufunga kifungo.

"Mama Audrey! Kuja uone! Maji moto, na ni ya bure!"

Nilienda. Akina mama walikuwa wamejaa pale mkondoni na nguo zao, wanaimba. Nilitia mkono. Kweli, yalikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto.

Jumatatu, 9 Juni

Ngege wamepanda juu leo na kula kila kitu. Nimesimama pale nikicheka peke yangu. Jentrix alikuwa anaanua nguo, akauliza kama hayo maji hayatawadhuru.

"Hao ni watu wa ziwa," nikamwambia kwa maringo. "Joto ndiyo kwao. Baridi ndiyo huwaua."

Halafu nikachukua jembe nikapanua mfereji unaotoka mkondoni ili maji mengi zaidi yaingie bwawani. Nilifanya hivyo mchana kweupe, mbele ya watu, huku nikijisifu.

Jumamosi, 14 Juni

Wananenepa. Yule mkubwa mwenye pezi lililochanika, ambaye Osewe alimwita Chifu kwa sababu hutangulia wenzake kwenye chakula, sasa ana mgongo kama kiatu cha polisi.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani nimetoa ushuhuda. Nimesema Mungu ameleta ziwa Kibera. Watu wamepiga makofi.

Jumatatu, 30 Juni

Vidole vya Jentrix vimepona. Amenionyesha, anavikunja na kuvikunjua kama mtu mwenye pete mpya. Tumekula omena pamoja.

Jumatano, 2 Julai

Hakuna jipya. Baridi kali, mkondo unafuka mvuke.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi nimewakuta ngege wote juu ya maji, midomo wazi, wanavuta hewa. Niliwarushia chakula, hawakukitazama. Nilitia mkono nikautoa haraka. Hayo si maji ya kuogesha mtoto tena.

Nimepanda hadi karibu na kiwanda. Mlinzi anasema wameongeza mashine ya pili na sasa zinakwenda usiku na mchana, kwa sababu beseni zinatakiwa sana.

Ijumaa, 11 Julai

Tangu Jumanne wanakufa, na leo wamekufa wengine tena. Nimewazika kando ya bwawa, wadogo kwa wakubwa.

Nimeziba mfereji kwa mawe na magunia. Lakini bwawa halina maji mengine. Nikiziba, maji yanasimama, yanageuka kijani na kunuka, na ngege wanahema. Nikifungua, yanaingia ya moto, na ngege wanahema. Nimeshinda nikiziba na kufungua, nikizozana na mawe.

Jumapili, 13 Julai

Nabeba maji baridi kwa mitungi kutoka kwenye kibanda cha maji na kuyamwaga bwawani. Watu wanasimama kutazama. Mmoja ameniuliza kama napika supu.

Audrey amenisaidia hadi mgongo ukamuuma. Tukimaliza, bwawa halionyeshi tofauti yoyote.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimeingia kiwandani. Msimamizi anaitwa Gerishon, mtu wa suti ya kijivu na adabu nyingi. Alinipa kiti na chai. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika.

"Mum, hiyo maji ni ya borehole," akasema. "Ni safi kuliko ile mnakunywa huko chini. Hatuweki dawa, hatuweki nini. Ni joto tu."

"Na joto si kitu?"

"Joto inapotea, mum. Inaenda na hewa."

"Kabla iende na hewa inapitia kwa samaki wangu. Songesha hiyo bomba imwagie chini ya bwawa. Ni hatua chache tu."

Alisema hawezi kusogeza bomba bila barua ya watu wa mazingira, na tena watu wa chini hawajalalamika. "Kwanza wamama wametutumia shukrani," akasema. "Na ngege si wanapenda joto? Nilisikia wewe mwenyewe ulipanua mfereji."

Nani alimwambia? Nilitoka bila kumaliza chai. Njiani nilitembea kwa hasira, na zaidi ya nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikwenda mkondoni kuwaomba akina mama tuende pamoja kwa watu wa mazingira. Nilijua wananifahamu. Nimewalelea watoto, nimewapikia kwenye matanga.

Kaluki, ambaye hufua karibu na jiwe kubwa, aliniuliza bila kuacha kufikicha shati: "Mama Audrey, samaki wako ni wangapi, na sisi tuko wangapi?"

"Bomba haitafungwa. Itasonga tu."

"Ikisonga inaenda kwa ile kinamasi. Huko tutafulia wapi? Wacha tu nikuambie ukweli. Maji ikikupendeza ulikuwa unatoa ushuhuda kanisa. Saa hii imekukataa, unataka tuichukie na wewe."

Wakacheka. Nilimtafuta Jentrix kwa macho. Alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono ndani ya maji hadi viwiko, na hakuinua kichwa.

Miaka yote tumegawana ukuta, chumvi na misiba. Nilitaka aseme neno moja tu, hata "mwache." Hakusema. Nimerudi nyumbani nikapika ugali mgumu kama tofali na kuula wote kwa hasira.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 22 Julai

Jentrix alibisha. Sikufungua. Alisimama kidogo, akaenda.

Ijumaa, 25 Julai

Ofisi ya mazingira imetuma mtu. Nilikuwa nimekwenda huko mara nyingi hadi askari wa mlangoni akawa ananiita shangazi. Aliyekuja ni kijana mpole, Ng'ang'a, na buti zake za mpira.

Tulitembea kutoka bwawani hadi kwenye bomba. Alinieleza vizuri, namshukuru kwa hilo. "Maji ikipata joto, hewa ndani yake inapungua. Na samaki naye akipata joto anataka hewa mingi. So anakosa huku na huku." Osewe angempenda.

"Weka mkono," nikamwambia pale bombani.

Aliweka, akautoa. "Eish. Ni moto kweli."

"Basi andika."

"Mathe, siwezi andika mkono yangu kwa ripoti. Lazima ipimwe."

"Pima."

Aliona haya. "Thermometer ilienda field na wenzangu. Lakini nitachukua sample, ikapimwe lab."

Akatoa chupa, akaikinga chini ya bomba, akaifunga, akaandika tarehe. Nilimwomba niishike kidogo. Ilikuwa ya moto hivi kwamba niliibadilisha mkono. Nilimtazama akiitia mkobani na kupanda kilima taratibu, na nikajua itakavyokuwa ikifika mjini. Itakuwa maji tu.

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda Kawangware kwa Celine, dada yake Osewe. Nilitaka kusikia jinsi walivyokifukuza kiwanda hicho huko kwao, kwa sababu kilikuwa nyuma ya ploti yao.

"Nani akifukuze?" akasema. "Landlord aliongeza rent, ndio wakahama. Siku bomba ilikauka wamama walilia, nakuambia, kama kumefiwa."

"Na ule mkondo wenu?"

"Mkondo uko. Zamani kulikuwa na vyura, walikuwa wanapiga kelele mpaka huwezi kulala. Kiwanda ikakuja, wakanyamaza. Tukasema ni baraka." Alitazama nje kuelekea mkondoni. "Kiwanda imeenda, lakini bado wamenyamaza."

Aliniwekea chai tena. Halafu akauliza nilichokuwa nakiogopa tangu mlangoni. "Na ngege wa ndugu yangu? Nimeambia kila mtu. Hata mzee Obonyo anatoka Kisumu juu ya hao ngege."

"Wako," nikasema.

Ijumaa, 1 Agosti

Ng'ang'a amepiga simu. "Mathe, sample iko sawa. Haina kasoro yoyote."

Nilimuuliza ilikuwa na joto kiasi gani ilipopimwa. "Ile ya chumba," akasema. "Samahani, mathe."

Simlaumu yule kijana. Nailaumu chupa, na ni upumbavu kuilaumu chupa, najua.

Jumatatu, 4 Agosti

Wamekwisha.

Jana kiwanda kilikuwa kinasafisha mashine, na maji yaliyoteremka yalikuwa yanachemka kabisa. Mawe na magunia yangu yalisukumwa pembeni. Nilipofika asubuhi, bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo. Ngege wote wa Osewe, wale aliowalea na wale waliozaliwa baada yake ambao hakuwaona. Walikuwa wamelundikana upande wa mbali na mfereji, wakikimbia hadi mwisho wa maji.

Nilikaa chini. Nilipiga nduru hadi watu wakatoka majumbani. Kaluki alikuja, akatazama, akajifunga leso vizuri na kuanza kunisaidia kuwatoa. Wengine nao wakaja. Ndivyo walivyo, na ndiyo sababu siwezi hata kuwachukia vizuri. Walinisaidia kuzika wafu, kisha wakaenda kufua.

Mmoja alikuwa hai. Kwenye kona, chini ya mizizi ya mgomba, mahali chemchemi inapopenyeza maji baridi kidogo, Chifu alikuwa amelala ubavu akichezesha lile pezi lake bovu. Nilimbeba ndani ya kanga yangu nikikimbia.

Jumatano, 6 Agosti

Gerishon amekuja mwenyewe kutoa pole. Amenipa beseni mpya ya buluu, kubwa kuliko zote wanazotengeneza. Ndiyo fidia. Nilitaka kumtupia kichwani.

Lakini Chifu alikuwa kwenye karai la kuogea, amejikunja. Nimechukua beseni. Sasa anaishi humo, karibu na mlango ambapo kuna hewa, na mimi nambadilishia maji baridi asubuhi na jioni na kuyakoroga kwa mwiko yapate hewa. Audrey anasema naongea naye. Ni kweli.

Jumanne, 12 Agosti

Chifu amekula. Kidogo, lakini amekula.

Nimeamua. Wageni watakula samaki wa sokoni, sina njia nyingine. Lakini Chifu atakuwepo. Siku hiyo nitamweka katikati ya nyumba ndani ya beseni yake, akiwa hai, na nitawaambia: huyu ni wa Osewe, wenzake wameuawa, na waliowaua ni hawa. Mzee Obonyo atamwona. Celine atamwona. Chupa ilinyamaza, lakini samaki hai hawezi kunyamazishwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Jentrix alibisha tena. Safari hii nilifungua. Alikuwa amebeba mtungi wa maji baridi begani, kutoka kwenye kibanda hadi kwangu.

"Ni ya Chifu," akasema.

Akaketi. Baadaye akanionyesha mikono yake. "Mama Audrey, ile siku nilinyamaza juu ya hii. Ukifunga ile maji, hii inafunga pia. Na Mourine anakula kutoka kwa hii. Lakini ningesema tu. Ningesema."

Nililia, naye akalia, halafu tukacheka kwa sababu Chifu alirusha maji yakatupata sote wawili. Nimemsamehe. Ni rafiki yangu.

Jumatano, 20 Agosti

Baridi mbaya ya kumalizia msimu. Chifu yuko sawa. Nimeosha mapazia.

Ijumaa, 22 Agosti

Leo nimekwenda sokoni kununua samaki wa barafu. Nilichagua nikiwa nimegeuza uso, kama mtu anayenunua kitu cha aibu. Chifu nilimwachia Jentrix.

Niliporudi alikuwa ameketi kando ya beseni, mikono mapajani, anatabasamu kidogo. "Amelala," akanong'ona. "Alikuwa anatetemeka hapa na hii baridi, hata hasongi. Nikamhurumia. Nikaenda pale kwa bomba nikamletea maji ya moto kidogo. Si ulisema hawa ni watu wa ziwa?"

Nilitia mkono kwenye beseni. Nilimgeuza. Tumbo lilikuwa juu.

Jentrix alinitazama usoni na akaelewa. Alifungua mdomo asitoe sauti, kama walivyokuwa wakifanya ngege asubuhi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mimi huwa nayo siku zote, na mengine yalikuwa yameshafika kwenye meno. Lakini kila nililotaka kumwambia nilikuwa nimeshalisema mwenyewe mwezi wa sita, nikiwa na jembe mkononi.

"Niletee kisu," nikasema. "Tumpare magamba."

Jumapili, 24 Agosti

Naandika ya jana.

Walikuja wote. Celine, mzee Obonyo, watu wa kanisa, Kaluki na akina mama wa mkondoni wakiwa wamevaa vizuri. Tuliomba, tukaimba, Audrey akasoma maisha ya baba yake na hakulia hadi mwisho. Chifu nilimkaanga na kumweka juu ya wengine kwenye sinia, na pezi lake limeungua kidogo. Hotuba yangu sikuitoa. Ningewaonyesha nini?

Mzee Obonyo alionja kipande kutoka chini kabisa ya sinia. Akafumba macho. "Hawa ndio ngege," akasema. "Osewe alijua. Si kama wale wa barafu." Wote wakaitikia. Celine akanikumbatia na kusema ndugu yake amelala kwa amani. Nikasema asante.

Lakini hiyo ilikuwa baada ya kunawa. Kabla ya kula, Jentrix ndiye aliyepita na jagi na ile beseni ya buluu, akinawisha wageni mmoja mmoja, ameinamisha kichwa. Baridi ilikuwa inauma, wazee walikuwa wamejikunyata kwenye makoti. Kila aliyemiminiwa alisema aah. "Maji mazuri haya," akasema mzee Obonyo. "Mmechemsha?" Akina mama wa mkondoni wakatazama upande wa bomba.

Nilikuwa wa mwisho. Jentrix alisimama mbele yangu, jagi linafuka, na akangoja. Vidole vyake vilikuwa vizima, vimenyooka. Wageni walikuwa wananitazama. Nikanyoosha mikono.

Yalikuwa na joto zuri. Yaliingia hadi kwenye mifupa, na mabega yangu yakashuka yenyewe, na nikasikia mdomo wangu ukisema aah kama wengine wote.